Tusiyaweke Maisha Yetu Chini ya Sahihi ya Mtu Mmoja

  

Tunakumbuka vizuri tarehe 6 Novemba 2024. Marekani walikuwa wamepiga kura jana yake, na huku kwetu matokeo yalifika mchana. Kwenye kibanda cha kuchaji simu watu walijaa kama kuna mechi ya fainali. Mmoja ameshika redio, mwingine simu yake ina bando, wote wanauliza swali moja tu: Trump au Harris? Ilipotangazwa kwamba ni Trump, wengine walinyamaza, wengine wakaondoka bila kuaga. Mzee mmoja akasema, "Basi, safari imekufa." Hakuna aliyembishia.

Jamani, tuulizane. Wengi wetu hatujawahi kupiga kura hata nyumbani kwetu. Kwa nini uchaguzi wa watu wa mbali ututoe jasho hivyo? Jibu tunalijua. Katika mwaka wa fedha wa Marekani ulioisha Septemba 2024, nchi ile ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na waliotoka Kongo ndio walikuwa wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote. Yaani hao ni majirani zetu, ni wale tuliosoma nao, tuliochota nao maji kwenye bomba moja.

Halafu ikaja tarehe 20 Januari 2025. Siku ileile aliyoapishwa, rais alisaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi kuanzia tarehe 27. Hata hiyo 27 haikusubiriwa, safari zikafutwa kabla. Mtaani kwetu kuna mama alikuwa ameshamaliza medikali na kupewa tarehe ya kusafiri mwezi wa pili. Kuku alishauza. Sufuria aligawa. Kijana wake wa kidato cha tatu alikuwa ameacha shule toka Desemba, kwa sababu "tunaenda kusoma Amerika." Siku alipopata habari alirudi kwa jirani kuomba sufuria moja apikie watoto. Sufuria ilikuwa yake mwenyewe.

Hiyo ndiyo sababu ya kuandika leo. Hatuandiki kumtukana rais wa watu wala kumsifu aliyetangulia. Tunaandika kwa sababu tumeona kwamba kutojua kunatuumiza mara mbili.

Wengi wetu tunamfikiria rais wa Marekani kama mfalme: akilala anaamka na neno, na neno linakuwa sheria. Si hivyo kabisa. Kwanza, hata kuchaguliwa kwake si kwa kujumlisha kura zote tu. Kila jimbo lina wajumbe wake, jumla ni 538, na anayefikisha 270 ndiye anashinda. Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura nyingi za wananchi kuliko Trump, lakini Trump ndiye aliyeingia Ikulu. Mwaka 2024 Trump alipata wajumbe 312, Harris 226.

Pili, mawaziri. Rais anawapendekeza, Seneti yenye watu 100 inawapigia kura. Marco Rubio wa Mambo ya Nje alipita kwa kura 99 kwa 0. Pete Hegseth wa Ulinzi alipata 50 kwa 50, mpaka Makamu wa Rais JD Vance akaja kupiga kura ya kuvunja sare. Na hapa tusikilize vizuri, maana kesi zetu zinapita kwenye meza za mawaziri watatu. Mpango wa wakimbizi unasimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Maofisa wanaokuja kufanya intavyuu wanatoka Usalama wa Ndani. Ukishafika kule, msaada mwingi wa kukuanzishia maisha unapitia Wizara ya Afya na Huduma za Jamii. Meza moja ikisimama, faili lote linasimama.

Tatu, idadi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1980, aliyoisaini Jimmy Carter, inampa rais kazi ya kupanga kila mwaka idadi ya juu ya watakaopokelewa, baada ya kushauriana na Bunge. Mwaka wao wa fedha unaanza tarehe 1 Oktoba. Angalieni idadi ilivyopanda na kushuka: Obama alimaliza na 110,000. Trump wa kwanza alishusha mpaka 15,000. Biden akapandisha hadi 125,000. Trump wa pili, kwa mwaka ulioanza Oktoba 2025, akaweka 7,500, na ikaelezwa kwamba nafasi hizo zitaenda zaidi kwa Waafrikana, wale wazungu wa Afrika Kusini. Sheria ni ileile toka 1980, mikono ndiyo inabadilika.

Nne, mahakama. Februari 2025 jaji mmoja wa Seattle alizuia ile amri ya kusimamisha mpango. Mwezi uliofuata mahakama ya rufaa ikaipunguza nguvu hukumu yake. Kwa hiyo hata pale juu watu wanavutana kamba.

Mtu atasema: "Sawa, mmesoma, lakini yatatusaidia nini? Si ndege haijaja?" Ni swali la haki. Hatutadanganya: kwenye jambo hili mkono wa rais ni mrefu, na kujua haya hakutaleta ndege. Ila kutatusaidia kwa mambo mawili.

La kwanza ni matapeli. Baada ya safari kufutwa, walitokea watu wakisema wana mtu wao ofisini, ukitoa pesa jina lako linarudishwa kwenye listi. Kuna waliouza posho ya mwezi mzima ili walipe. Lakini mtu anayejua kwamba idadi inapangwa na rais wa Marekani, na kwamba kesi inapita wizara tatu, atamcheka huyo tapeli. Hakuna mtu hapa kambini mwenye ufunguo wa mlango ule. Anayekuuzia ufunguo anakuibia.

La pili ni maisha yenyewe. Tuambiane ukweli, kuna vijana hapa wameishi miaka kumi kama wako stendi. Shule hasomi, anaondoka. Ufundi hajifunzi, anaondoka. Hata mchicha nyuma ya nyumba hapandi, eti ataumwachia nani. Wanasema mtegemea cha ndugu hufa maskini. Sasa sisi tunategemea cha mtu ambaye si ndugu, na anayebadilishwa kila baada ya miaka minne au minane! Aliyejifunza cherehani ataondoka na cherehani kichwani. Aliyemaliza kidato cha nne ataondoka na cheti. Na asipoondoka, bado anavyo.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: tunajua amri zile ziliwapiga na nyinyi. Wenzenu walipoteza kazi, tuliwaona wakiaga. Lakini tunaomba jambo moja. Mtu akija kuuliza kesi yake, msimwambie tu "subiri, iko kwenye mchakato" wakati mchakato umesimama. Mwambieni umesimama, na nani kausimamisha. Fanyeni mkutano mtaani, kwa Kiswahili, na kina mama wawepo. Ukweli mchungu unamezeka. Tukikosa kuusikia kwenu, tunaenda kuununua uongo kwa tapeli.

Novemba 2026 Wamarekani wanachagua Bunge, na 2028 wanachagua rais. Tutafuatilia, na redio tutawasha, hatukatai. Yule kijana wa kidato cha tatu tutamwita pia aje asikilize. Alirudi shuleni mwezi wa tatu, amekaa dawati moja na wadogo zake, mwanzoni wakimwita "Mmarekani." Alivumilia. Na mama yake amenunua sufuria mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza.

Kesi zetu zikae kwenye mafaili yao. Maisha yetu tusiyaweke humo.