Mizinga ya vita imetuchosha, tunataka mizinga ya nyuki

Vijana wa Butembo, Beni na Lubero,

Kasugho iko na chuo kikuu cha kulinda mazingira, na jirani yake ni hifadhi ya Tayna. Lakini wengi wetu tuko na dipoloma ndani ya sanduku, kazi hakuna. Tukitaja ufugaji wa nyuki, jibu ni lile lile: ngojeni shirika lilete mizinga, ngojeni nyuki wapole wa Ulaya. Sisi tunasema: hatungoji. Nyuki tuko nao.

Ni wakali, kweli. Lakini mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr alipeleka malkia wa nyuki wa Afrika huko Brazil, kwa sababu wale wa Ulaya hawakuzaa vizuri kwenye joto. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka. Yalileta hofu na hata vifo. Wafugaji wa kule walijifunza kuishi nao, na leo Brazil inauza asali ngambo. Nyuki hao wanavumilia pia varoa, kimelea kinachoua nyuki wa Ulaya. Kitu wengine walifuata mbali, sisi tunakichoma moto msituni!

Kuanza hakuombi pesa nyingi. Mzinga wa vijiti vya juu, fundi mbao yeyote wa mtaa anaweza kuutengeneza. Upana wa kila kijiti uwe milimita 32, kipimo cha nyuki wetu. Kile cha nyuki wa Ulaya ni kikubwa zaidi. Pakaa nta ndani, tundika mzinga mbali na nyumba, njia na mbuzi, kundi litaingia lenyewe. Paka grisi kwenye miguu au kamba, siafu wasipande. Vaa nguo ya kukinga, fanya kazi jioni, kwa moshi kidogo. Wakati wa kuvuna, acha masega ya watoto na asali ya akiba. Nyuki wetu akisumbuliwa au akishikwa njaa, anahama. Na usianze peke yako: tafuta mzee anayewajua, mwanzeni watu watatu au wanne.

Lakini jasho letu halitoshi kama Leta imelala. Tunadai:

1. Usalama wa raia wanaokwenda mashambani na msituni. Hakuna mzinga unaotunzwa na mtu aliyekimbia kijiji chake.
2. Barriere zisizo halali ziondolewe. Asali isilipiwe kodi mara tano kabla ya kufika soko ya Butembo.
3. Barabara za kilimo zitengenezwe.
4. Wataalamu wa kilimo watoke ofisini, waje kufundisha vijijini.

Wenye silaha wanatafuta kijana asiye na kazi. Tuwatangulie. Kila kikundi cha mtaa kitundike mzinga mmoja kabla ya msimu wa maua, halafu tukutane tuhesabu. Leta nayo tutaihesabia.

Tusichome nyuki. Tusingoje. Tuanze!