Mwangwi wa Garsen Hauhitaji Kusafishwa

Kuna produsa mmoja, jina nalihifadhi, alinirudishia rekodi yangu kwa furaha ya mtu aliyekufanyia hisani. "Nimekusafishia, bro. Ilikuwa na uchafu mwingi."

Nikavaa iafoni. Filimbi niliyoipuliza ndani ya kalavati, chini ya barabara ya Garsen kwenda Lamu, sasa ilikuwa inalia ndani ya jumba la mawe ambalo sijawahi kulitia mguu. Kumbe amenibandikia mwangwi wa kompyuta, ule wa kanisa kuu. Mbuzi hawapo. Lori halipo. Yule mtoto aliyekohoa dakika ya pili hayupo. Filimbi yangu ilikuwa imeenda Ulaya bila viza, na mimi nimebaki Garsen nikidaiwa elfu mbili.

Neno hilo, uchafu, ndilo ninalogombana nalo hapa.

Kwanza mjue ule mwangwi wa kompyuta unapatikanaje, kwa sababu wengi wanadhani ni uchawi. Baadhi yake hutengenezwa hivi: mtu anaingia kwenye jengo la kweli, anapasua baluni au anafyatua bastola ya mbio, anarekodi jinsi jengo linavyojibu. Jibu hilo linaingizwa kwenye programu, na kuanzia hapo sauti yoyote duniani inaweza kuvalishwa jengo hilo. Kwa hiyo kuna mtu alibeba baluni hadi kwenye kanisa fulani, na leo kijana wa Mtwapa anaimba taarabu ndani yake bila kutoka kitandani kwake. Sawa, sina ugomvi na kanisa. Swali langu ni moja tu: nani amepasua baluni Garsen?

Hakuna. Ndiyo maana nikaanza mwenyewe. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda, nikarudi nyumbani na laptopu yenye bawaba moja, na kazi za kuandika za hapa na pale. Filimbi niliitengeneza kwa paipu ya maji ya nusu inchi, matundu sita kwa msumari uliochomwa kwenye jiko. Wadigo wa Kwale wana chivoti, filimbi yao ya kupuliza kwa ubavu. Yangu ni binamu yake wa plastiki, haina heshima yoyote. Nyumbani ilikuwa inalia kama birika. Siku niliyoingia nayo kwenye tangi tupu la maji nyuma ya jengo ambalo halijaisha, manze, nilikaa chini. Noti moja, ya tatu kutoka chini, tangi liliishika na kuivimbisha mpaka nikaisikia kwenye meno. Nyingine likazikataa kabisa. Tangi lina maoni yake. Unalazimika kupiga kile linachokubali, na wimbo unaotoka hapo si wangu peke yangu, ni wa tangi pia.

Hilo ndilo mtu wa studio haelewi. Anadhani mahali ni kelele iliyoingia kwenye muziki. Mimi nasema mahali ni nusu ya ala.

Mwaka 1968 Mmarekani anayeitwa Paul Horn aliingia Taj Mahal usiku na filimbi yake. Kuba la pale linarefusha kila noti, kwa hiyo alipuliza polepole, akangoja jibu, akapuliza tena. Mlinzi wa pale akaimba, na sauti yake imo kwenye albamu. Miaka minane baadaye Horn akaenda kufanya vilevile ndani ya Piramidi Kuu la Misri. Dunia ikasema ni sanaa. Hakuna aliyemwambia ausafishe mwangwi wa kaburi la watu.

Mimi mlinzi wangu hakuimba. Nilikuwa chini ya daraja la Mto Tana, saa kumi na mbili za asubuhi, simu nimeilaza juu ya kandambili mita tatu mbele yangu, akateremka mtu mwenye sare.

"Kijana, unafanya nini hapa?"

"Napiga filimbi, afande. Narekodi."

"Unarekodi daraja?"

"Narekodi sauti, afande."

Akaiangalia simu, akaiangalia paipu, akaniomba kitambulisho. Simlaumu kwa hilo. Barabara hii ya Lamu imeua watu, na daraja ni daraja. Watu wa Delta hatujasahau pia miezi ya kuanzia Agosti 2012, vijiji vilipochomwa na zaidi ya watu mia moja wakauawa. Mtu mgeni anayejificha karibu na mto lazima aulizwe. Kilichoniuma ni swali lake la mwisho, akishanirudishia kitambulisho: "Sasa hii inakusaidia nini?"

Nenda Garsen mjini siku yoyote. Gari la mwanasiasa linapita na spika nne juu ya paa. Duka la simu linapiga wimbo mmoja kuanzia saa mbili hadi magharibi. Kampuni inauza bando kwa jenereta na msichana mwenye maikrofoni. Hakuna anayewauliza inawasaidia nini, kwa sababu jibu linajulikana: kura, pesa. Sauti ikiwa inauza kitu, ina ruhusa ya mji mzima. Ikiwa haiuzi, leta kitambulisho.

Na huu ni mji wa Tana River, jamani! Mwaka 1963, tume iliyotafuta wimbo wa taifa, akiwemo Graham Hyslop na Thomas Kalume, iliichukua sauti yake kutoka kwa wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo, ulioletwa na Mzee Meza Galana. Kila asubuhi ya gwaride, kila medali ya mbio, nchi inasimama wima kwa wimbo wa mama anayelaza mtoto kando ya mto huu. Lakini nchi inaujua kwa tarumbeta za jeshi. Mto wameuacha nje. Ule wimbo nao ulisafishwa.

Au chukueni ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo. Iko London, kwenye ghala la British Museum, tangu 1908. Watu wanadai irudishwe na mimi naunga mkono, lakini naongeza jambo ambalo sijasikia likisemwa: hata leo wakiipiga kule ghalani na kuirekodi kwa maikrofoni ghali kuliko zote, watakachorekodi ni ghala la London.

Najua mnachotaka kunijibu, kwa sababu rafiki zangu wa Nairobi wamenijibu tayari. Kwamba napamba umaskini. Kwamba nikipata pesa ya studio nitaacha kukaa kwenye makalavati na popo. Hapana. Studio ni nzuri kwa mtu anayetaka sauti yake isiwe mahali popote, na kuna kazi nyingi zinazotaka hivyo. Na si kweli kwamba rekodi ya nje ni ya kuokoteza. Simu yenyewe ni adui wa kwanza: ukitumia kinasa cha kawaida, ina kazi ya kupunguza kelele, na kwa akili yake noti ndefu ya filimbi ni kelele, kwa hiyo inaila. Lazima utafute programu inayokubali kuizima. Halafu upepo: soksi nene juu ya maikrofoni. Halafu usitume kwa WhatsApp kama sauti ya kawaida, itakamuliwa mpaka mwangwi uishe. Tuma kama faili. Nilitupa rekodi ishirini na mbili za daraja kabla ya kupata moja. Huo si uvivu wa mtu asiye na studio.

Tena kuna wale wa upande wa pili, wenye miradi. Mmoja alinisikia, macho yakamng'aa, akasema tuiite filimbi ya amani, tuwaweke Mworma na Mpokomo wapige pamoja, kuna fulana. Nikakataa. Ni kweli kwamba siku moja pale kalavati alisimama kijana wa mbuzi upande mmoja na mama aliyetoka shambani na mzigo wa ndizi upande wa pili, wakasikiliza. Kijana akauliza kama nauza. Mama akasema, "Mwanangu, umekula?" Halafu kila mtu akaenda zake. Sijui kama hiyo ni amani. Fulana ingeiharibu.

Sasa nieleze kwa nini nina haraka.

Rekodi ile iliyosafishwa niliifanya Septemba 2023. Mwishoni mwa mwaka ule mvua za El Niño zikaja, mto ukatapika, barabara ya Lamu ikakatika, watu wakahamia kwenye miinuko na turubai. Mei 2024 maji yakarudi tena. Nilipoweza kufika pale kalavati, tope lilikuwa limejaa mpaka kiunoni, limekauka na kupasuka. Niliinama nikapuliza. Ilikuwa kama kupuliza ndani ya mto wa kulalia. Ile noti ndefu iliyokuwa inakwenda mpaka upande wa pili na kurudi haikurudi.

Kuna watu walipoteza nyumba, mashamba, ng'ombe. Silinganishi. Nasema tu kwamba ule mwangwi nao ulikuwepo na sasa haupo, na nakala yake iko sehemu mbili: kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu yangu, ikiwa na mbuzi, lori na mtoto wake, na kwenye kompyuta ya produsa, imevalishwa kanisa.

Nilimpigia nikamwomba ile yangu aiache kama ilivyo. Akacheka. "Bro, lakini hakuna redio itacheza hiyo." Huenda. Elfu mbili yake nimeshamlipa nusu.

Jana fundi bomba ameniambia lile tangi nyuma ya jengo limepata mwenyewe. Linaunganishwa na paipu na Jumatatu linajazwa maji. Habari njema kwa mtaa, wamechota mtoni muda mrefu mno. Nimemwomba aniachie ngazi. Duka la Minjila lina baluni, shilingi kumi kila moja, nimechukua kumi na mbili. Leo ni Alhamisi.