Mpini wa Kisu Wataka Mafuta, Si Vanishi

Wakulima wengi hunoa kisu kila wiki, lakini hawautazami mpini mpaka siku utakapopasuka. Hapo mtu husema, "Ah, ni mpini tu," akaufunga kwa mpira wa baiskeli na kuendelea na kazi. Neno hili si la busara. Makali ndiyo yakatayo, lakini mpini ndio unaoamua yatakata nini.

Fikirini kazi ya kuchuna ng'ombe. Mkono una damu na mafuta, nao mpini umelowa. Kisu kikiteleza kidogo tu, ngozi imetobolewa. Na ngozi yenye matundu ya kisu hushushwa daraja, bei yake ikapungua. Kikiteleza zaidi, kilichokatwa si ngozi ya ng'ombe tena bali ni kidole cha mchunaji. Hata kazi ndogo ya kukata majani ya ng'ombe au kuvuna kabichi huweza kutoa malengelenge mkononi ikiwa mpini una vibanzi, na mkono wenye jeraha haukamui vizuri.

Tangu mpango wa skimu za ekari milioni moja ulipoanzishwa mwaka 1962, mkulima wa skimu amefundishwa mengi juu ya mbegu, mbolea na dawa ya kupe. Juu ya mpini wa kisu ameambiwa machache. Hata hivyo chombo hiki hushikwa kila siku, na baba, mama na watoto.

Adui wa mpini ni maji. Mti hunywa maji ukavimba, kisha hukauka ukanywea. Mambo haya yakirudiwa mara nyingi, mti hupata nyufa, ribiti hulegea, na maji huingia mpaka kwenye msuka, yaani ule mkia wa chuma uliomo ndani ya mpini. Kutu hula chuma gizani, na siku moja kisu huvunjika kazini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wako watakaosema, "Basi nitapaka vanishi, maana hung'aa na kuzuia maji." Vanishi yafaa mlango na kabati. Lakini mpini wa kisu cha kazi hugongwa, hukwaruzwa na kuoshwa kila siku. Vanishi hukaa juu ya mti kama ganda. Ganda likipata ufa, maji hupita chini yake yasiweze kutoka upesi, na mti huanza kuoza mahali pasipoonekana. Tena mpini wa vanishi huteleza mkono ukitoka jasho. Rangi nayo ina ubaya zaidi, maana huficha nyufa ambazo mwenye kisu alipaswa kuziona.

Wengine hupaka oili chafu iliyomwagwa kutoka katika trekta au gari. Desturi hii naona yafaa iachwe kabisa. Oili hiyo haikauki. Ina masizi na chembe za madini kutoka ndani ya injini, na vimo ndani yake vitu viwezavyo kuleta kansa ya ngozi kwa mtu aigusaye mara kwa mara. Haifai kushikwa, sembuse kuwekwa kwenye kisu kinachokata nyama ya watoto wetu.

Mafuta ya kondoo, mafuta ya mbarika na mafuta ya kupikia hayana sumu ya namna hiyo, lakini hayafanyi kazi tunayoitaka. Mafuta ya kondoo na ya mbarika hayakauki kamwe. Mengi ya kupikia hubaki yakinata, yakashika vumbi na hatimaye kunuka.

Mafuta yafaayo ni yale yanayokauka ndani ya mti yakawa magumu. Yanayojulikana sana ni mafuta ya mbegu za kitani, ambayo dukani huitwa linsidi. Yako ya namna mbili. Ya kwanza ni yale yasiyochemshwa. Hukauka polepole, hata wiki moja au zaidi. Ya pili huitwa yaliyochemshwa, lakini kwa kawaida yametiwa dawa ya madini ili yakauke upesi, pengine kwa siku moja au mbili. Shauri langu ni hili: kwa panga, jembe na shoka tumieni yaliyochemshwa, kwa kisu cha jikoni na cha kuchinjia tumieni yasiyochemshwa, na kuwa na subira. Kwenye nchi ya baridi na ukungu kama Kinangop, ongezeni siku za kungoja.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwanza, mti uwe mkavu. Mpini uliochongwa jana kutoka mti mbichi, hata ukiwa wa mutamaiyo wenyewe, uwekwe kivulini chini ya paa mpaka ukauke, la sivyo utanywea na kulegea. Pili, usugueni kwa karatasi ya msasa, mkianza na yenye chembe kubwa na kumaliza na laini, mkifuata mkondo wa nyuzi za mti. Kisha pitisheni kitambaa chenye maji kidogo. Nyuzi zitasimama, ngojeni zikauke, msugue tena kidogo.

Tatu, pakeni mafuta kwa kitambaa, hasa kwenye ncha za mpini, maana hapo ndipo mti unapokunywa zaidi. Ngojeni dakika 15 au 20, kisha futeni yote yaliyobaki juu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Hudhani mafuta mengi ni kinga kubwa, kumbe yaliyoachwa juu hugeuka utando unaonata. Yakikauka, rudieni mara mbili au tatu. Mafundi wa zamani walikuwa na kanuni yao: mara moja kwa siku muda wa wiki, mara moja kwa wiki muda wa mwezi, na mara moja kwa mwezi muda wa mwaka.

Mwenye mizinga ya nyuki aweza kuongeza nta. Chukueni nta sehemu moja na mafuta sehemu nne, mtie katika kopo, na kopo liwekwe ndani ya sufuria ya maji moto. Msiliweke juu ya moto wenyewe.

Sasa neno la hatari. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikikunjwa na kutupwa pamoja pembeni, vyaweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti. Mnamo Februari 1991, huko Philadelphia, Marekani, jengo la ghorofa 38 lilishika moto ulioanzia kwenye vitambaa vya namna hiyo, na wazima moto 3 walikufa. Ikiwa ghorofa iliungua hivyo, stoo yetu ya mbao yenye magunia na majani makavu itakuwaje? Tandazeni vitambaa nje, kimoja kimoja, mpaka vikauke kabisa, au mvitie katika kopo la maji.

Baada ya hayo, msiloweke kisu katika karai. Kiosheni, kifuteni, kitundikeni. Mpini ukianza kuonekana mweupe na mkavu, upakeni tena.

Mwisho, naona jambo hili lafaa kufikishwa kwenye mikutano ya vyama vya ushirika. Kopo moja la mafuta hutosha mipini mingi, na likifunguliwa na kukaa muda mrefu hufanya utando. Kwa hiyo si lazima kila mkulima anunue lake. Majirani watano au sita wanunue moja, wakutane siku moja na visu vyao, na kazi iishe. Gharama itakuwa ndogo kwa kila mmoja, na vidole na ngozi vitasalimika.