Jina la Mtoto na Kalamu ya Jamaa

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuyajadili majina ya watu kwa upande wa maana. Huuliza jina limetoka lugha gani, linaashiria nini, na aliyelitoa alikusudia nini. Ni nadra kuuliza swali lililo jepesi zaidi: jina hilo huandikwaje, na ni nani mwenye haki ya kuamua? Makala haya yanalishughulikia swali hilo kwa kuutazama mji mdogo wa Takaungu, kusini ya Kilifi, ambako mwandishi ana jamaa, na ambako, kama kwingineko pwani, jina la mtoto mmoja huandikwa kwa namna nyingi na watu wanaompenda. Maoni yangu ni kwamba jamaa ana ruhusa ya kulitamka jina kama ulimi wake ulivyozoea, ila hana ruhusa ya kuliandika apendavyo. Na sisi tuliosoma Kiswahili ndio wa kwanza kuhitaji kuambiwa hivyo.

Tuanze na jinsi jambo lenyewe linavyotokea. Katika nyumba za Waislamu wa Takaungu mtoto aghalabu hupewa jina siku ya saba. Mara nyingi jina ni la mzee wa ukoo, na mtoto huwa somo wa mzee huyo. Mama yumo katika arubaini, hatoki. Baba huenda yuko baharini, au kazini Mombasa, au Uarabuni. Ikiwa mtoto alizaliwa nyumbani, habari hupelekwa kwa naibu wa chifu, na mpelekaji huwa ni jamaa: mjomba, ami, shangazi au nyanya. Jamaa hulitaja jina, na mwenye kalamu huliandika kama alivyolisikia. Miaka michache baadaye jamaa mwingine humpeleka mtoto chuoni kusoma Kurani, na mwingine humpeleka skuli, kila mmoja akaliandika jina kama alivyozoea. Katika safari yote hiyo huenda wazazi wasiulizwe hata mara moja kuhusu herufi.

Tuchukue jina moja tu kwa mfano, Mwanaesha. Kwa wenyeji wa Mombasa na miji ya jirani, Esha ni Aisha la Kiarabu lililokaa katika vinywa vya Waswahili hata likawa lao. Sauti mbili za mwanzo zimeungana zikawa irabu moja, e, kama ilivyokuwa kwa Sayf aliyekuwa Sefu, Zaynab aliyekuwa Zenabu, na shaykh aliyekuwa shehe. Kwa hiyo Esha si Aisha lililokosewa. Ni jina kamili lenye historia yake, na mtoto akipewa kwa ajili ya mzee wa ukoo aliyeitwa hivyo, hiyo e ni sehemu ya urithi. Lakini shangazi aliyesomea mjini ataandika Mwanaisha kwa kuwa ndivyo alivyoona vitabuni. Ami aliye Uarabuni ataandika Mwana Aisha, akiamini kuwa analirejesha jina kwenye asili yake. Binamu mwenye haraka ataandika Mwanesha kwenye ujumbe wa rununu. Hakuna kati yao mwenye nia mbaya. Hata hivyo mtoto mmoja amekwisha kuwa watu wanne.

Yupo atakayesema kuwa jina ni sauti, na herufi ni nguo tu ya kuivisha sauti hiyo. Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na hati hizo zina alama tatu tu za irabu. Kasra moja yaweza kusomwa i au e, na dhamma moja yaweza kusomwa u au o. Mwanaesha na Mwanaisha waliweza kuandikwa kwa alama zile zile, na msomaji akajua amsome nani kwa kuwa alimjua mwenyewe na kwao. Ni kweli kwamba wapo waliouona upungufu huo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alijitahidi kuziongezea hati hizo alama za kuzitosheleza sauti za Kiswahili. Lakini kwa watu wa kawaida tatizo halikuwa kubwa, kwa sababu mtu alitambuliwa kwa uso wake, kwa babake na kwa mtaa wake.

Hali hiyo imepita. Siku hizi mtu hutambuliwa na watu wasiomjua, na chombo chao cha kumtambulia ni herufi. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha mtihani, kitambulisho apewacho akitimiza miaka 18, pasipoti na hati ya shamba la urithi, vyote hulinganishwa herufi kwa herufi. Hata anayemtumia jamaa yake fedha kwa M-Pesa, huduma iliyoanzishwa mwaka 2007, huona jina lililosajiliwa, na akiona asilolijua husita. Sheria ya Kenya ya Usajili wa Vizazi na Vifo imempa mzazi miaka miwili baada ya usajili ili jina la mtoto liweze kubadilishwa kwa njia nyepesi. Muda huo ukipita, njia huwa ndefu: wakili, hati ya kiapo, na pengine hati ya kubadilisha jina ambayo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kwa mvuvi au mkulima wa minazi wa Takaungu, nauli peke yake ni mzigo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe hapa ni herufi moja.

Takaungu yenyewe inafahamu maana ya kuandikwa vibaya. Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, aliufahamu mji huu kwa kuwa rafiki yake, Denys Finch Hatton, alikuwa na nyumba karibu na hori yake. Katika kitabu chake Out of Africa, kilichotoka mwaka 1937, aliuita Takaunga. Aliusifu mahali hapa, na huenda aliupenda kuliko wageni wengi, lakini irabu ya mwisho akaikosa, na wasomaji wengi wa ng'ambo walioujua mji kupitia kwake waliujua kwa jina hilo lisilo lake. Nautaja mfano huu kwa sababu jamaa hujitetea kwa mapenzi: vipi nimkosee mtoto nami nampenda? Mapenzi hayamfundishi mtu tahajia. Humfundisha kuuliza, kama anataka.

Watu mashuhuri wa pwani nao hawakusalimika. Kiongozi wa Wamazrui wa Gasi aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, katika vita vilivyotokana na mzozo wa urithi wa utawala wa Takaungu, ameandikwa Mbaruk, Mbarak na Mubarak bin Rashid. Anayeanza utafiti na kulitafuta jina katika faharasa moja baada ya nyingine aweza kudhani ni watu watatu. Mfano wa Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914, unaonyesha hasara iliyo kubwa zaidi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mnyazi. Mekatilili ni jina la uzazi, yaani mama wa Katilili, na silabi ya kwanza, me, ndiyo yenye umama wote. Anayeandika Makatilili ameuondoa umama huo, na pengine hajui kuwa kuna kitu amekiondoa.

Hapa ndipo lawama inapotugeukia sisi. Takaungu na vijiji vyake vina Waswahili na Wagiriama, na ndoa zimewachanganya. Majina kama Kadzo, Dzombo na Tsuma yana sauti ambazo Kiswahili sanifu hakinazo. Jamaa asiyesoma sana huyaandika kama alivyoyaona. Jamaa aliyesoma Kiswahili ndiye anayetia kalamu nyekundu na kuandika Kajo, kwa kuwa amefundishwa kuwa dz si ya Kiswahili. Vivyo hivyo huifuta k ya Khadija, akaiongeza palipo na Hadija, na kila mara huwa na kanuni ya kujitetea nayo. Tunasahau kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu na skuli, na kwamba Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulikia maandishi ya lugha hiyo. Hawakukabidhiwa watoto wa watu. Nomino ya pekee ni ya pekee kwa sababu ina mwenyewe.

Nasema haya nikiwa mkosaji. Nilipokuwa nyumbani wakati wa likizo, dada yangu alinikabidhi fomu ya skuli ya bintiye niijaze, kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa nikisoma chuo kikuu. Mtoto alikuwa amepewa jina la mama wa mama yetu, lenye e hiyo hiyo niliyoieleza. Niliandika i. Sikuteleza, niliona kwamba nalisanifisha jina, na nilijisikia msomi. Fomu ilipopitishwa mikononi mwa mama yetu, aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mamangu hakuitwa hivyo." Nilimweleza kuwa maana ni ile ile. Hakubishana nami. Alisema tu kwamba hana picha ya mamake, na kaburi halina maandishi, na kwamba mahali pekee alipobaki ni katika jina la mtoto huyu. Fomu ikapelekwa vile vile, kwani muda ulikuwa umekwisha. Miaka ilipopita na majina ya watahiniwa yakahitaji kulinganishwa na cheti cha kuzaliwa, dada yangu ndiye aliyekwenda kwa wakili, na gharama aliilipa yeye.

Kutokana na hayo nina mapendekezo matatu. La kwanza ni kwa wazazi. Siku ya kutoa jina, liandikwe pia, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi itakayowekwa pamoja na kadi ya kliniki, na atakayetumwa kwa naibu wa chifu aende na karatasi hiyo badala ya kwenda na kumbukumbu. Wapo wazee waliokuwa wakiandika siku za uzazi kwenye jalada la ndani la msahafu. Ni desturi inayofaa kufufuliwa. La pili ni kwa jamaa. Kabla ya kuandika kadi ya mwaliko, fomu au hundi ya karo, aulize: "Jina la mtoto mwaliandikaje?" Kuuliza huku si kukosa heshima, wala hakuonyeshi kuwa mtu ni mgeni katika ukoo. Kwa kinywa aendelee kumwita mtoto kwa jina lolote la mapenzi.

La tatu ni kwetu. Tunapokwenda nyanjani kukusanya fasihi simulizi, tuwaulize wasimulizi majina yao yaandikwe vipi, au wenye vitambulisho watuonyeshe, badala ya kuyatengeneza tukiwa bwenini. Chama chetu chaweza pia kukusanya majina ya pwani pamoja na namna zake mbalimbali za kuandikwa, Esha akakaa kando ya Aisha, Athumani kando ya Uthman, Kadzo akabaki Kadzo, bila ya kulitangaza moja kuwa sahihi na jingine kosa. Orodha kama hiyo ingewafaa walimu wa chekechea kuliko tasnifu zetu nyingi.

Likizo inakaribia, na wengi wetu tutarudi makwetu tukakabidhiwa fomu kwa sababu ile ile niliyokabidhiwa mimi. Tuzijaze kwa moyo mkunjufu. Lakini tukifika kwenye mstari wa jina, tuiweke kalamu chini kidogo, tumwite mama wa mtoto, tumwombe alitaje herufi moja moja.