Gemu za maneno: Mtoto aanzie wapi?

KATIKATI ya miaka ya 1970, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aitwaye Will Crowther alikuwa ametoka kuachana na mkewe, Patricia. Jambo lililomuuma zaidi ni binti zake. Wakija kumtembelea, alihisi ubaba wake unapwaya.

Crowther na Patricia walikuwa watu wa kuingia mapangoni na kuyachorea ramani. Mwaka 1972 Patricia alikuwa kwenye kikundi kilichothibitisha kwamba mapango ya Flint Ridge yanaungana na Mammoth Cave, jimboni Kentucky. Ndoa ilipovunjika, Crowther alichukua sehemu ya pango alilolifahamu, akaongeza hazina na vitu vya kichawi, akaandika programu ambayo watoto wake wangeweza kuicheza wakija kwake. Haikuwa na picha hata moja. Kompyuta inaeleza kwa maandishi mahali ulipo, wewe unaandika unachotaka kufanya, nayo inakujibu kilichotokea. Alitaka hata mtu asiyejua kompyuta asiiogope. Mwaka 1977 kijana mwingine, Don Woods, aliirefusha, na kwa jina la Adventure ikasambaa katika vyuo vikuu.

Kwa hiyo aina hii ya gemu ilianza na baba aliyekuwa akitafuta cha kufanya na watoto wake siku wanapomtembelea. Wazazi wengi wanaijua siku hiyo. Mtoto amekuja kwa wikiendi, chakula kimeliwa, habari za shule zimeisha ndani ya dakika tano, na kila mmoja amechukua simu yake.

Gemu za maneno bado zinatungwa, na nyingi zinapatikana bure bila matangazo. Kwa mzazi anayehesabu bando, faili zake ni ndogo mno. Zile zilizotungwa kwa mfumo wa zamani wa kampuni ya Infocom hazifikii hata megabaiti moja. Hazimrushii mtoto taa na kelele, ila zinamtaka asome kila sentensi, maana jibu mara nyingi limefichwa kwenye neno alilolipita.

Shida inaanza pale mzazi anapochagua ya kwanza. Anauliza ipi ni maarufu, anaambiwa Zork. Ni kweli, Zork ni maarufu. Ilitungwa na vijana wa chuo cha MIT, na Infocom wakaanza kuiuza kwa kompyuta za nyumbani mwaka 1980. Lakini waliitunga kwa ajili ya watu kama wao, waliokuwa tayari kukesha wiki nzima. Taa unayoingia nayo chini ya ardhi inaisha moto, na ukibaki gizani unaliwa. Kuna mwizi anayezunguka na kukuibia ulichokusanya. Kuna njia zinazozunguka na kukurudisha ulikotoka. Baya zaidi, unaweza kuharibu jambo mapema, ukaendelea kucheza saa nzima bila kujua kwamba huwezi tena kushinda.

Ile ya mwaka 1984 iliyotokana na kitabu cha Douglas Adams, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, ni kali kuliko hiyo. Usipompa mbwa mkate wenye jibini wakati bado uko duniani, mbwa huyohuyo atakuja kukumaliza mbele ya safari. Mtu mzima anaweza kucheka. Mtoto wa miaka 11 haoni kichekesho hapo, anaona kwamba yeye hana akili. Na mzazi, kwa kukosa habari, anahitimisha kuwa watoto wa siku hizi hawapendi kusoma.

Wazee waliotega vitendawili walilijua hili. Ukishindwa unatoa mji, unapewa jibu, mchezo unaendelea. Zork haina habari ya mji.

Infocom wenyewe waliliona tatizo. Mwaka 1985 walitoa Wishbringer, iliyotungwa na Brian Moriarty mahususi kwa wanaoanza. Mhusika ni mfanyakazi wa posta anayetumwa kupeleka barua. Mafumbo mengi yana njia mbili. Ukikwama, unatumia jiwe la uchawi. Ukiweza, unatumia kichwa chako na kupata alama zaidi.

Basi kipimo cha gemu ya kwanza ni kama inamsamehe anayekosea. Gemu nyingi zilizotungwa kuanzia miaka ya 1990 zinakubali amri ya undo, ambayo inafuta hatua ya mwisho. Mtoto akifa, anaandika neno hilo moja na anafufuka. Amri hiyo peke yake inaondoa nusu ya machozi.

Ya kuanzia inaweza kuwa The Dreamhold, aliyoitunga Andrew Plotkin mwaka 2004 kwa ajili ya kumfundisha mgeni namna ya kucheza. Unaamka ndani ya nyumba ya mchawi bila kukumbuka chochote, na kuna sauti inayokuelekeza pembeni, kama mwalimu aliyesimama nyuma ya dawati. Bronze ya Emily Short, ya mwaka 2006, nayo ina namna maalumu ya kumsaidia anayeanza. Inatokana na hadithi ya binti mrembo na dubwana la kasri, na inamfaa zaidi mtoto wa sekondari.

Inayochekesha kuliko zote ni Lost Pig, iliyoshinda shindano la kila mwaka la gemu za maneno mwaka 2007. Mhusika, Grunk, amepoteza nguruwe wa bosi wake na lazima amrudishe. Ni fupi na mafumbo yake ni ya haki. Ila mzazi ajue jambo moja: Grunk anasimulia kwa Kiingereza kibovu cha makusudi. Mtoto anayekimudu Kiingereza atavunjika mbavu. Anayejikongoja nacho atafikiri ndivyo kinavyoandikwa, na mwalimu atauliza Jumatatu.

Kuna nyingine inayopendekezwa sana kwa kuwa karibu haina mafumbo, nayo ni Photopia ya Adam Cadre, ya mwaka 1998. Ni nzuri, lakini ni hadithi ya kifo cha msichana. Mzazi aicheze kwanza peke yake, kisha aamue.

Lugha ndiyo kikwazo cha kweli. Zote hizi ni za Kiingereza, na programu hazielewi amri za Kiswahili. Kwa hiyo si za kumkabidhi mtoto na kuondoka. Panapofaa, mtoto asome kwa sauti na aeleze kwa Kiswahili alichoelewa, halafu waamue pamoja wafanye nini. Mzazi ambaye Kiingereza chake kimelala asione haya, kuuliza "chumba hicho kina nini tena?" ndiyo kazi yake. Na baba aliye mbali anaweza kusomewa kwa simu, maana hakuna picha anayoikosa.

Vitendea kazi ni daftari na penseli. Kila mahali panapofikiwa panachorewa kisanduku, na mstari unaonyesha kama mlango uko kaskazini au mashariki. Amri za kukumbuka ni chache: n ya kwenda kaskazini, x ya kuchunguza kitu, i ya kuona ulichobeba. Kwenye simu ni vizuri kuzima ule usahihishaji wa maneno, la sivyo kila n itageuzwa kuwa neno lingine na mtoto atachukia kabla hajatoka chumba cha kwanza.

Halafu mzazi atafute majibu mapema, ayasome, na ayaweke kwake. Mtoto akikwama baada ya kujaribu kweli, atoe mji. Kwa Tabora apewe fununu, kwa Mwanza apewe nusu ya jibu. Dar es Salaam ibaki ya mwisho. Saa ya kulala ikifika, waandike save, na ramani ibaki mezani.