Nimeruka kozi ya kompyuta, kisha nikarudi mwenyewe

Najua nimepotea. Zamu za usiku zilinimeza, na juu ya zamu nikajitwisha masomo. Leo nina mapumziko, chai ya tangawizi iko mezani, na nina jambo moja limenikaa kooni. Naomba tulijadili.

Mwaka huu nimeanza masomo ya uzamili katika uuguzi kwenye chuo kikuu kimoja hapa Sydney (jina naliweka mfukoni). Nilipoletewa orodha ya masomo nikakuta kitu kinaitwa stadi za msingi za kompyuta. Yaani kufungua faili, kuandika barua, kutuma baruapepe. Nikauliza wenzangu wazawa wa hapa, wao hawakuwekewa. Ni sisi tuliosoma shahada ya kwanza nje ya nchi. Na kozi hiyo inalipiwa ada kama kozi nyingine yoyote.

Wadau, nilichemka! Muuguzi wa kutoka kwetu hasajiliwi hapa Australia kirahisi. Tangu mwaka 2020 utaratibu ni kwamba ufaulu kwanza mtihani wa NCLEX-RN, ambao wote unafanyika kwenye kompyuta, na mashine yenyewe inakuchagulia swali linalofuata kwa kuangalia ulivyojibu lililopita. Ukitoka hapo unakwenda kufanya mtihani wa vitendo. Aprili 2025 ilifunguliwa njia fupi kwa wauguzi wazoefu waliosajiliwa katika nchi kama Uingereza, Ireland na Singapore. Tanzania na Kenya hazikuwamo kwenye orodha. Sasa mtu aliyepita njia ndefu yote hiyo, leo anafundishwa kushika kipanya?

Sikatai kwamba historia yetu ina lake. Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, na nchi ikachelewa miaka mingi. Mimi mwenyewe nilijifunza kwenye intaneti kafe pale Dar, unalipa kwa nusu saa, ukurasa mmoja unafunguka taratibu mpaka hela inaisha. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar Julai 2009, na hapo ndipo tulipoanza kuonja kasi. Lakini hiyo ni historia ya nchi. Mimi nataka nipimwe mimi.

Chini kabisa ya ile barua kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi madogo: anayeona anazijua stadi hizi anaweza kufanya mtihani, akipata asilimia 75 anasamehewa kozi. Nikajiandikisha siku hiyo hiyo. Nikapata 84. Nikampigia mama mdogo Mbeya kumtambia. Akacheka, kisha akaniuliza, "Hongera mwanangu. Na hizo kumi na sita ulizikosa wapi?"

Nikamjibu hata sijui, na sina haja ya kujua. Nimeshafaulu.

Wiki ya tano tukapewa zoezi la darasani. Jedwali la wagonjwa sitini wa kubuni: jina, umri, kitanda, kiwango cha potasiamu kwenye damu. Kazi ni kupanga kuanzia potasiamu ya juu kwenda ya chini, halafu useme ungemwita daktari kwa ajili ya mgonjwa yupi. Nikachagua safu moja tu, ile ya potasiamu. Programu ikaniuliza kama nataka kupanga na safu nyingine pamoja. Mimi mjuaji, nikabonyeza haraka iendelee ilivyo. Namba zikapanda na kushuka, majina yakabaki palepale. Nikanyoosha mkono wa kwanza darasani na kumtaja mzee wa kitanda cha tisa, potasiamu 6.4, aamshiwe daktari mara moja.

Mzee wa kitanda cha tisa alikuwa mzima kabisa. Mwenye 6.4 alikuwa mama wa kitanda cha thelathini na moja, na mimi nilikuwa nimemwacha alale.

Walikuwa watu wa kwenye karatasi, hakuna aliyeumia. Lakini muuguzi anajua potasiamu ya namna hiyo inavyoweza kusimamisha moyo. Usiku ule kwenye treni ya kurudi Blacktown sikufungua hata simu. Nilipofika nyumbani ndiyo nikatazama matokeo yangu ya mtihani sehemu kwa sehemu. Zile kumi na sita karibu zote zilikuwa kwenye majedwali.

Sasa maoni yangu ni haya. Mtihani wa kuruka kozi ni haki, na ninautetea mpaka kesho. Kumlipisha mtu mzima ada na wiki kumi na mbili kwa kitu anachokijua, eti kwa sababu cheti chake kimetoka Afrika, si sawa. Hata vyuo vyetu nyumbani viige. Mwanafunzi aliyekulia kwenye kompyuta anakaa dawati moja na ambaye hajawahi kugusa kibodi. Wa kwanza anasinzia, wa pili anaona aibu kuuliza. Mpeni wa kwanza mtihani aende zake, mwalimu abaki na wa pili. Ila na mtihani wenyewe usitoe namba moja ya jumla tu. Useme umekosa wapi, na sehemu uliyokosa uisome hiyo peke yake.

Na sisi wahamiaji tuache kuichukulia kozi kama tusi. Mimi niliufanya ule mtihani kwa hasira, kuwaonyesha. Mwaka 2020 Australia ilitoa mwongozo wa kitaifa wa uwezo wa kidijitali kwa wauguzi na wakunga, na eneo zima mle ndani linahusu ubora wa data na taarifa. Yaani kilichopo kwenye skrini kiwe kweli ni cha mgonjwa huyu. Kwenye eneo hilohilo ndipo nilipoanguka, na alama 84 mkononi.

Basi nikaenda kuomba niruhusiwe kukaa kwenye vipindi viwili vya majedwali, kwenye kozi ileile niliyoikimbia. Wakanikubalia bila malipo. Nikakaa na mama mmoja wa Bukavu, muuguzi wa siku nyingi kunizidi. Nikamuuliza kwa nini hakufanya mtihani, maana naona anajua. Akaniambia, "Dada, miye siko nataka kuruka. Niko nataka kujua." Kisha akanionyesha jinsi ya kuchagua jedwali lote kwanza kabla ya kupanga.

Mama mdogo nilimpigia tena Jumapili, nikamweleza zilipokuwa zile kumi na sita.

Haya, wenzangu mlioko ughaibuni na mlioko nyumbani, mnasemaje? Kuna aliyewahi kurushwa kozi, au kulazimishwa? Niandikieni. Mimi naingia zamu saa tatu usiku.