Muulizeni Mama Habari za Babu

Babu yangu mzaa mama alikufa kwa "mgongo". Ndivyo tulivyoambiwa watoto: mgongo ulimuuma, miguu ikafa ganzi, akashindwa kutembea, akaondoka. Pembeni watu walinong'onezana kuwa amerogwa kwa ajili ya shamba. Miaka mingi baadaye mjomba akagundulika kuwa na saratani ya tezi dume, na daktari akatuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kulitamka nyumbani: huyo babu aliumwa nini hasa? Saratani hii ikisambaa, hupenda kujikita kwenye mifupa, hasa uti wa mgongo.

Nawaandikia wanaume wenzangu wa Afrika Mashariki, nikiwaomba mama na dada zetu wasikilize pia, maana bila wao hatufiki popote.

Saratani hii wakati mwingine hurithiwa katika ukoo, na jeni inayotajwa sana ni BRCA2. Wengi wameisikia kwenye habari za saratani ya matiti. Kazi yake ni kusaidia kukarabati DNA inapokatika; ikiwa na hitilafu, makosa hulundikana ndani ya seli. Sasa sikieni: jeni hii iko kwenye kromosomu ya 13, si kwenye ile Y ambayo baba humpa mwanawe wa kiume. Mama, asiye na tezi dume, anaweza kuichukua hitilafu hiyo kwa baba yake na kumrithisha mwanawe, na kila mtoto anayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipata. Sisi tuliozoea kuhesabu ukoo upande wa baba hapa ndipo tunapopotea.

Haya si mambo ya Ulaya tu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanaume wa Uganda pamoja na Wamarekani weusi, na hitilafu katika jeni za BRCA2, ATM, PALB2 na NBN zikahusishwa na hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi dume. Kuna pia badiliko moja kwenye kromosomu ya 8, eneo liitwalo 8q24, ambalo hupatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, na hatari kwa anayelibeba ni takriban maradufu. Lisingejulikana kama wanaume weusi wasingekubali kutoa damu zao. Hata hivyo, hadi mwaka 2018, katika tafiti kubwa za vinasaba duniani, asilimia 78 ya washiriki walikuwa wenye asili ya Ulaya, Waafrika asilimia 2 tu. Ndiyo maana Mwafrika akipimwa vinasaba, mara nyingi zaidi hurudishiwa jibu la kuudhi: badiliko limeonekana, maana yake haijulikani.

Kwa hiyo mtafiti akija hospitalini kwenu kuomba damu au mate, msimkimbie. Msikieni, muulizeni sampuli itakwenda wapi, nani ataitunza, na majibu yatawarudia vipi. Mnayo haki ya kuuliza, na ya kukataa pia. Mimi ningekubali. Kujua kuna faida: tangu mwaka 2020 Marekani imeidhinisha dawa ya olaparib kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa yenye hitilafu za aina hii. Bei yake, hiyo ni vita nyingine, na tutaipigana vizuri zaidi tukiwa na takwimu zetu.

Najua vichekesho vya vijiweni kuhusu kidole cha daktari anapopima tezi dume. Nimevicheka mwenyewe. Lakini siku hizi uchunguzi kwa kawaida huanza na kipimo cha damu, PSA. Kikipanda si lazima iwe saratani. Kinafungua mazungumzo na daktari. Mwenye ndugu waliougua asingoje maumivu, kwa sababu mwanzoni mara nyingi hakuna maumivu yoyote. Akifika miaka 40 au 45, akaulize.

Kabla ya hapo, Jumapili hii, mpigie simu mama, au shangazi, au mjomba aliyebaki. Usianze na neno saratani. Muulize tu babu alianza kulalamika mgongo lini, alikuwa na umri gani, na kama kuna dada yake aliyeugua titi. Andika majibu kwenye daftari, upande wa baba na upande wa mama, uende nalo kliniki.